Hadithi ya mwanafunzi isomwe kabla ya kusahihishwa

Mwaka 1912 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walichukua karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza zilizoandikwa na wanafunzi wa sekondari, wakatoa nakala na kuzituma katika shule nyingi. Waliwaomba walimu jambo moja tu: wazisahihishe kama wanavyosahihisha siku zote, kisha wazirudishe. Majibu yalitoka shule 142. Karatasi moja ilikuwa imepewa alama 50 na mwalimu mmoja, na zaidi ya 95 na mwingine. Mwanafunzi alikuwa yule yule na maneno yale yale. Tofauti ilitoka kwa waliosoma.

Mwalimu wa Kiingereza aliyewahi kubeba rundo la hadithi fupi za wanafunzi hadi nyumbani Ijumaa jioni anaujua wasiwasi uliomo katika takwimu hizo. Mwenzake wa hisabati ana jibu mwishoni mwa kitabu. Yeye hana. Ana wanafunzi 50 waliobuni watu, mahali na matukio, na Jumatatu anatakiwa kuwa na nambari mbele ya kila jina, nambari ambayo ataweza kuitetea mbele ya mwanafunzi aliyenuna, mzazi aliyepiga simu, na mkuu wa idara anayetaka wastani wa darasa upande. Kwa hivyo anatafuta kitu cha kushika, na kilicho karibu zaidi ni kosa. Kosa linaonekana, linapigiwa mstari, linahesabika. Walimu wawili wakihesabu makosa ya tahajia katika ukurasa mmoja watapata hesabu zinazokaribiana.

Naamini hapa ndipo tunapopotea. Kuhesabu makosa kunawapa walimu makubaliano, lakini ni makubaliano kuhusu jambo jingine, si kuhusu hadithi. Anayelipia gharama ya makubaliano hayo ni mwanafunzi aliyethubutu, kwa sababu anayejaribu kusema jambo gumu kwa lugha ya pili au ya tatu lazima ateleze mara nyingi kuliko anayerudia sentensi alizozikariri.

Tuchukue mfano wa darasa la Kidato cha Pili katika shule ya kutwa. Swali linataka hadithi itakayomalizika kwa msimulizi kusema kwamba hakurudi tena mahali pale. Madaftari mawili yako juu ya meza ya mwalimu.

La kwanza linaanza Jumamosi asubuhi, jua linang'aa, ndege wanaimba, msimulizi ananawa uso na kunywa chai. Anatumwa kwa mjomba wake mjini. Basi linatekwa na majambazi wenye bunduki, anapambana nao peke yake, polisi wanafika kwa ving'ora, na pale risasi inapofyatuka anaamka kitandani: kumbe ilikuwa ndoto. Hakurudi tena katika ndoto ile. Tahajia ni safi, aya zimepangwa, nahau za Kiingereza zimetiwa kila mahali panapoweza kutiwa. Mwalimu aliyefundisha nchini Kenya kwa muda wowote ameisoma hadithi hii mara nyingi kuliko alivyosoma kitabu kingine chochote. Ameisoma ya mjomba, ya shangazi, ya harusi na ya ajali, na jua lilikuwa liking'aa katika zote.

Daftari la pili ni la msichana aliyeandika kuhusu mashine ya kusaga unga. Mama amemtuma na kilo mbili za mahindi. Foleni ni ndefu. Mwenye mashine ana kitabu cha madeni, naye leo ameamua kukisoma kwa sauti. Msichana anaandika jinsi kidole cha mtu yule, cheupe kwa unga, kilivyoshuka kwenye ukurasa jina baada ya jina kikiacha alama, na jinsi kilivyosimama penye jina la mama yake. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakatazama chini. Akatoka na mahindi yake bila kusagiwa, akapita njia ya nyuma, akamwambia mama kwamba mashine imeharibika. Tangu siku ile amekuwa akisagia ng'ambo ya mto, mwendo mara tatu, na mama hajui sababu. Hakurudi tena pale.

Hadithi hii ya pili imejaa makosa. Nyakati za vitenzi zinaruka: mtu aliyekuwa amesimama jana anasimama sasa hivi katika sentensi inayofuata. Mama anatajwa kwa kiwakilishi cha mwanamume, kosa la kawaida kwa watoto waliokulia katika Kiswahili na lugha nyingi za jamii yake, ambazo hazitenganishi jinsia katika nafsi ya tatu. Mazungumzo hayana alama za usemi, hivyo kuna mahali ambapo hujui kama anayesema ni mwenye mashine au mama mmoja wa foleni. Ukurasa mzima ni aya moja. Neno la Kiingereza la deni, lenye herufi isiyotamkwa, limekosewa kila lilipotokea, na limetokea mara nyingi kwa sababu ndilo kiini cha kisa.

Kwa kalamu nyekundu inayohesabu, daftari la kwanza litapata 15 kati ya 20 na la pili litapata 7. Neno moja lililokosewa kila mahali litakuwa limemgharimu msichana huyo alama kadhaa, kana kwamba alifanya makosa mengi ilhali alifanya kosa moja. Somo ambalo wote wawili watajifunza halimo katika silabasi yoyote: kwamba Kiingereza ni lugha ya kuandikia mambo yasiyokuhusu.

Baadhi ya walimu hudai kwamba hivyo ndivyo mtihani wa kitaifa unavyotaka. Sivyo. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, Kiingereza kina alama 200 zilizogawanywa katika karatasi tatu. Karatasi ya Tatu ina alama 60 na hufanywa kwa saa mbili na nusu: utungo mmoja wa kubuni na insha mbili kuhusu vitabu teule. Utungo huo una alama 20, yaani sehemu moja ya kumi ya alama zote za somo. Mwongozo wa kusahihisha ambao Baraza la Mitihani la Kitaifa la Kenya, KNEC, limekuwa likiutumia kwa miaka mingi hauanzi na makosa. Unaanza na mawasiliano. Mtahini anaelekezwa kwanza aamue utungo unawasiliana kwa kiasi gani, auweke katika moja ya viwango vinne, na baadaye ndipo atafute alama kamili ndani ya kiwango hicho.

Kiwango cha D, alama 1 hadi 5, ni cha anayemlazimisha msomaji kubahatisha anachotaka kusema. C, kuanzia 6 hadi 10, ni cha anayeeleweka lakini kwa shida, akiwa hana imani na lugha anayoitumia. B, 11 hadi 15, ni cha anayeandika kwa wepesi na ufasaha. Kiwango cha A, 16 hadi 20, kinahitaji zaidi ya ufasaha: kinamtaka mwandishi avutie, awe na ubunifu wake mwenyewe, na aweze kumfanya msomaji ashiriki hisia zake. Mwongozo huo pia unasema bayana kwamba umilisi wa lugha ndio unaobeba alama nyingi, na siwezi kulificha hilo. Huu ni mtihani wa lugha. Hata hivyo hadithi ya majambazi, kwa usafi wake wote, haiwezi kupanda hadi kileleni kwa mizani hii, kwa sababu haina ubunifu wala hisia za mtu yeyote. Na hadithi ya mashine ya unga haiwezi kutupwa chini, kwa sababu hakuna mahali ambapo msomaji analazimika kubahatisha kilichompata msichana yule. Mimi ningempa wa kwanza 12, wa pili 12 au 13, na maneno ambayo ningeandika chini ya kila daftari yangekuwa tofauti kabisa.

Kwa nini basi darasani tunaishia kuhesabu? Sehemu ya jibu ni historia. Kwa vizazi kadhaa Kiingereza katika nchi hii kilikuwa mlango, na mlango una bawabu. Marehemu Ngugi wa Thiong'o anaeleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986 habari za mwanafunzi wa darasa lake la 1954 aliyefaulu vizuri kabisa masomo yote isipokuwa Kiingereza. Kwa kuanguka Kiingereza alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani wote, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngugi mwenyewe, ambaye alama zake za masomo mengine zilikuwa za kawaida lakini Kiingereza chake kizuri, alipata nafasi Alliance High School. Palipo na mlango wa namna hiyo, mwalimu mwema hujiona ana wajibu wa kumwokoa mtoto na kosa kabla ya jambo jingine lolote. Nia yake ni njema. Tabia hiyo imerithiwa hadi leo.

Sehemu nyingine ya jibu ni mtihani wa darasa la nane. Kuanzia 1985 hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho 2023, KCPE ilipima utungo wa Kiingereza, na katika miaka yake ya mwisho mtoto alikuwa na dakika 40 za kuuandika kwa alama 40. Dakika 40 ni chache mno kwa mtoto wa miaka 13 kubuni, kuandika na kusoma upya alichoandika. Shule zilijua hivyo, zikawapa watoto mianzo na miisho iliyokwisha kupikwa, misemo ya kubandika, hata kisa kizima cha kubeba kichwani na kukipachika kwenye swali lolote litakalokuja. Wapo waliopita kwa njia hiyo. Lakini waliingia sekondari wakiamini kwamba utungo ni kitu cha kukumbuka.

Tusijidanganye pia kwamba ni tatizo letu pekee. Australia ina mtihani wa kitaifa uitwao NAPLAN, ulioanza 2008, ambao umewahi kuwapa watoto hadithi ya kuandika na kuisahihisha kwa vigezo kumi vyenye jumla ya alama 47. Vigezo hivyo vimepangwa kwa uangalifu unaopendeza: hadhira, muundo, mawazo, wahusika na mandhari, msamiati na kadhalika. Lakini angalia uzito wake. Tahajia ina alama 6, muundo wa sentensi 6, uakifishaji 5. Mawazo yana 5. Wahusika na mandhari, ambavyo ndivyo vinavyoifanya hadithi iwe hadithi, vina 4 kwa pamoja. Msomi wa Marekani Les Perelman alipouchunguza mfumo huo aliandika mwongozo wa kuonyesha jinsi mwanafunzi anavyoweza kujizolea alama, na moja ya mbinu zake ilikuwa kukariri maneno magumu ya tahajia na kuyatumia tu, yafae yasifae. Uingereza nako, mtihani wa GCSE wa bodi ya AQA hutoa alama 40 kwa kipande cha kubuni: 24 za maudhui na mpangilio, 16 za usahihi wa lugha. Angalau pale mwanafunzi anajua kabla ya kuandika kwamba alichonacho cha kusema kina uzito mkubwa kuliko nukta na mikato.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: kama walimu hawakubaliani kuhusu maudhui, si afadhali kubaki na sarufi, inayokubalika na wote? Jibu zuri zaidi ninalolijua lilitoka kwa Paul Diederich na wenzake wa shirika la mitihani la ETS nchini Marekani mwaka 1961. Waliwapa wasomaji 53 tungo 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Wasomaji hao hawakuwa walimu wa Kiingereza pekee. Walikuwamo wanasayansi, mawakili, wahariri na wafanyabiashara. Kila mmoja alizipanga tungo hizo katika madaraja tisa. Asilimia 94 ya tungo zilipata madaraja saba tofauti au zaidi, na hakuna hata moja iliyopata chini ya matano.

Wengi huishia hapo na kusema usahihishaji wa tungo ni bahati nasibu. Diederich hakuishia hapo. Alichunguza nani anakubaliana na nani, akagundua wasomaji wamejigawa katika makundi matano. Kundi moja lilitazama mawazo, jingine mpangilio, jingine ufundi wa sarufi na tahajia, jingine uteuzi wa maneno, na la mwisho sauti na ladha ya mwandishi mwenyewe. Kundi kubwa zaidi lilikuwa la mawazo. Maana yake ni kwamba watu wale hawakuwa wakikisia. Kila mmoja alikuwa akisoma kwa makini kile alichokithamini, na hakuna aliyekuwa amewaomba wakubaliane nini kithaminiwe. Tofauti ya namna hiyo inatatuliwa kwa mazungumzo, na mazungumzo ni jambo ambalo idara yoyote ya lugha inaliweza bila bajeti.

Watahini wa mitihani ya kitaifa wenyewe hukaa pamoja kabla ya kazi kuanza, wakasahihisha karatasi zile zile na kubishana mpaka mizani yao ikaribiane. Ni idara ngapi za shule hufanya hivyo? Chukueni hadithi tano, fichani majina, kila mwalimu azisome peke yake na kuandika alama, kisha kila mmoja aseme kwa nini. Mwalimu aliyempa msichana wa mashine ya unga 7 atalazimika kumsikiliza aliyempa 13, na aliyempa 13 atalazimika kukiri kwamba ile aya moja ya ukurasa mzima inachosha. Njia nyingine rahisi ni ile ya kulinganisha mbili mbili, ambayo msingi wake uliwekwa na Louis Thurstone mwaka 1927 na ambayo sasa baadhi ya shule za Uingereza huitumia kupima uandishi. Msomaji haulizwi hadithi hii ina alama ngapi. Anawekewa mbili na kuulizwa ipi bora. Binadamu ni dhaifu katika kukadiria kwa nambari lakini hodari katika kulinganisha, na maamuzi ya wengi yakikusanywa, mpangilio unaopatikana hutegemeka.

Kuhusu lugha yenyewe, ninataka nieleweke vizuri. Sitetei uzembe. Mwaka 2018 Mkenya Makena Onjerika alishinda Tuzo ya Caine, tuzo kubwa ya hadithi fupi za Kiafrika kwa Kiingereza, kwa hadithi iitwayo Fanta Blackcurrant. Inasimuliwa kwa sauti ya wasichana wa mitaani jijini Nairobi, kwa Kiingereza cha mitaani ambacho kalamu nyingi nyekundu zingekiua katika ukurasa wa kwanza. Lakini Onjerika alichagua. Angeweza kuandika vinginevyo. Msichana wetu wa Kidato cha Pili hajachagua kumwita mama yake mwanamume. Anastahili kufundishwa, na kumwacha hivyo kwa jina la ubunifu ni kumdhulumu.

Swali ni afundishwe lini na kwa mpangilio gani. Makosa hayana uzito sawa, na hapa ndipo utaalamu wa mwalimu unapoonekana. Kile kiwakilishi cha mama kinakwaruza sikio lakini hakimpotezi msomaji. Tahajia ya deni vivyo hivyo. Nyakati za vitenzi ni jambo zito zaidi, maana katika hadithi wakati ndio unaotuambia kilichotangulia na kilichofuata. Ukichezacheza, mpangilio wa tukio unavunjika. Alama za usemi ni nzito pia, kwa sababu bila hizo aibu ya foleni ile haijulikani imetoka kinywani mwa nani. Mwalimu anayechagua mambo hayo mawili, akayafundisha kwa kutumia sentensi za msichana mwenyewe, atakuwa amefundisha sarufi inayokumbukwa. Mwalimu anayezungushia duara makosa yote 31 hajafundisha hata moja. Mtoto anatazama ukurasa uliojaa wekundu, anatazama nambari, anafunga daftari.

Nancy Sommers, aliyechunguza maoni ya walimu 35 wa vyuo viwili vya Marekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1982, alieleza tatizo linalokaribiana na hilo. Mwalimu anamwambia mwanafunzi arekebishe mkato katika sentensi fulani, na pembeni mwa aya hiyo hiyo anamwambia aipanue au aiandike upya. Mwanafunzi hajui kama sentensi ile ni ya kupigwa pasi au ya kufutwa. Hufanya lililo rahisi: anatia mkato na kurudisha. Naye Ruth Butler, katika utafiti wake wa 1988 kwa wanafunzi wa Israeli, aliona kwamba waliopewa maoni bila alama waliendelea vizuri na kubaki na hamu ya kazi, huku waliopewa maoni pamoja na alama wakifanana na waliopewa alama tupu. Kazi alizowapa hazikuwa hadithi, lakini yeyote aliyewahi kurudisha madaftari amewaona wanafunzi wakifungua ukurasa wa mwisho, wakisoma nambari na kuulizana umepata ngapi. Yale maneno ya mwalimu hayakusomwa.

Kwa hivyo utaratibu ninaoutetea ni huu. Kalamu ikae mezani. Hadithi isomwe kuanzia mwanzo hadi mwisho kama inavyosomwa hadithi yoyote. Kisha mwalimu aandike sentensi moja au mbili kumwambia mwandishi kilichompata alipokuwa akisoma: hapa niliingiwa na hofu, hapa sikujua nani anasema, hapa kidole chenye unga kilinikaa akilini. Baada ya hapo achague makosa mawili ya kufundisha. Daftari lirudi bila alama, mwanafunzi aandike rasimu ya pili, na alama itolewe kwa rasimu hiyo. Mwanafunzi wa majambazi naye aulizwe swali la kweli: katika hadithi yako yote, ni kitu gani umewahi kukiona kwa macho yako? Akijibu chai, basi aanze na chai.

Najua jibu la mwalimu: muda uko wapi? Darasa la wanafunzi 50, dakika 10 kwa kila hadithi, ni dakika 500, zaidi ya saa nane. Mwenye mikondo mitatu anahitaji saa 25, na bado ana vipindi vya kufundisha, zamu na mikutano. Hesabu hiyo ni ya kweli na sitaki kuipuuza. Lakini hakuna sheria inayosema kila hadithi lazima iwe na maneno 450. Ukurasa mmoja wenye tukio moja unamfundisha mwanafunzi kusimulia zaidi ya kurasa tatu za safari na majambazi. Wala si kila kinachoandikwa lazima kisahihishwe na mwalimu. Wanafunzi wasomeane katika makundi ya wanne, kila kundi lichague moja ya kusomwa mbele ya darasa, na mwalimu asahihishe kwa kina zile ambazo waandishi wenyewe wamezichagua kuwa bora mwishoni mwa muhula.

Kuna jambo jipya linaloipa njia hii uzito zaidi. Leo mwanafunzi mwenye simu anaweza kupata hadithi isiyo na kosa hata moja la sarufi kwa muda wa kuchemsha maji, imeandikwa na mashine. Mfumo wa alama unaotuza usafi wa lugha pekee utaipa mashine hiyo gredi ya juu kila mara. Rasimu za mkono, kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, na kuulizwa kwa nini umeishia hapo badala ya pale, ndivyo vitakavyomwonyesha mwalimu kwamba hadithi ina mwenyewe. Mtaala wa umilisi wa Kenya umefungua nafasi ya hayo, kwa kuwa unawataka walimu kupima kwa maelezo ya viwango vinne, kutoka chini ya matarajio hadi kuzidi matarajio, na kuipa tathmini ya shuleni nafasi yake. Hata hivyo viwango hivyo navyo vinaweza kugeuzwa kuwa nambari tupu iwapo mwalimu hatasoma kwanza.

Muhula ujao, wakuu wa idara za Kiingereza, tengeni alasiri moja kabla ya mtihani wa kwanza, mketi na walimu wenu na hadithi tano zisizo na majina, mbishane mpaka mjue kila mmoja wenu anathamini nini. Na wazazi, mtoto akileta daftari la utungo nyumbani, mwombeni awasomee hadithi kabla ya kumuuliza amepata ngapi.